Jenifer Mahona na Tovuti Isiyomkatisha Mtu

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024. Mjini Bariadi mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na ilipofika saa tatu jua lilikuwa limeshatoka, kali, na udongo mweusi unanata kwenye viatu hata mtu akitembea anajiona amerefuka. Wenye ng'ombe wa kulima walikuwa mashambani. Jenifer Mahona alikuwa kwenye chumba chake cha kazi mtaa wa Somanda, kati ya fundi viatu na duka la dawa za mifugo, akiiwasha upya tovuti ya Zizi kwa mara ya pili asubuhi hiyo.

Zizi ilikuwa kazi ya mikono yake. Umoja wa wafugaji ulikuwa na mazizi ya muda kwenye minada kadhaa mkoani, na ng'ombe yeyote aliyeokotwa akizurura, au aliyetelekezwa na wezi waliokimbizwa, aliwekwa humo. Picha yake iliingizwa kwenye tovuti. Aliyepotelewa naye alituma maelezo ya mnyama wake. Picha ikikaa siku saba bila mwenyewe kujitokeza, mnyama aliruhusiwa kuuzwa mnadani. Kabla ya hapo mtu alitembea kwa miguu zizi hadi zizi, mara nyingi akifika wakati ng'ombe wake ameshakuwa supu ya mtu.

Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Tangu mwisho wa Oktoba ilikuwa inakufa. Jenifer aliiwasha, ikafanya kazi saa mbili tatu, ikafa tena. Alisingizia umeme, akasingizia kampuni iliyowakodisha seva, kisha akasingizia mvua.

Bujiku, katibu wa umoja, hakubisha hodi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na kiti cha plastiki kililalamika alipokikalia.

"Jeni, imekufa tena."

"Naiona."

"Wananipigia simu kama vile hao ng'ombe nimewaiba mimi. Jana mmoja ameniuliza, katibu, hiyo tovuti yenu inakula nyasi au inakula pumba?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia inakula bando langu." Bujiku alijifuta jasho. "Sikiliza. Kuna mtu anatupiga. Nimesikia kuna watu kazi yao ni hiyo, kuangusha mitambo ya wenzao. Kamati inakaa Ijumaa, na wengine wanataka tuifunge kabisa turudi kwenye kubandika karatasi mazizini."

"Mdukuzi gani atapoteza muda na ng'ombe za Bariadi?"

"Mwizi wa ng'ombe aliyesoma," Bujiku alisema, na uso wake haukuonyesha kwamba anatania.

Asubuhi hiyo Jenifer aliamua kutoiwasha tu na kuendelea na shughuli nyingine, kama alivyozoea, bali kukaa aitazame inavyokufa. Alifungua dirisha linaloonyesha matumizi ya kumbukumbu ya seva, akaegemeza kidevu kwenye ngumi.

Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ina mahali pawili pa kuweka vitu. Kuna diski, ambayo ni ghala, pana na haijali uzito. Na kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama meza ya karani. Kila kinachoshughulikiwa lazima kwanza kiwe juu ya meza, na meza ya Zizi ilikuwa ndogo, kwa sababu meza kubwa inakodishwa ghali. Programu ya Jenifer ilipokea ujumbe wa mtu, ikauweka wote juu ya meza mpaka kipande cha mwisho kifike, ndipo ikaubeba na kuupeleka ghalani. Ujumbe wa picha moja haukuwa na shida. Lakini programu haikuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba ukifika kiasi hiki, basi. Ingepokea mpaka meza ivunjike. Na meza ikikaribia kuvunjika, mfumo unaoendesha seva hujiokoa kwa kuichagua programu iliyotandaza vitu vingi zaidi na kuiua. Kila mara iliyochaguliwa ilikuwa Zizi, na watu wote waliokuwa wakituma wakati huo walipotea pamoja nayo.

Mstari kwenye skrini ulianza kupanda. Ulipanda polepole, bila kushuka hata mara moja, kama mtu anayepanda mlima huku amebeba mzigo. Jenifer alitazama ni nani anayetuma. Namba moja ya simu. Aliirudia rekodi ya jana, na ya juzi, na ya wiki iliyopita. Namba ileile, na nyuma yake nyingine chache ambazo zilianza baadaye.

"Si nilikwambia?" Bujiku alisimama nyuma yake, pumzi ikimgonga Jenifer shingoni. "Mtu mmoja! Ya nani hiyo?"

"Imeandikishwa Ipililo. Jina ni Mboje."

"Mfungie. Sasa hivi. Mfungie, na hizo nyingine zote, kisha tovuti irudi."

Mkono wa Jenifer ulikuwa tayari kwenye kibodi mlango ulipogongwa.

Mzee aliyesimama pale alikuwa amefunga suruali kwa kamba, matope mpaka magotini, na simu kubwa mpya ikining'inia kifuani kwenye mfuko wa nailoni. Jenifer alisimama, akapiga goti kidogo, wakasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu. Kwenu?"

"Mhola. Nyumbani?"

"Wapo, wazima. Isipokuwa wawili ambao hawapo." Mzee aliketi kwenye benchi na kuweka kofia gotini. "Mimi ni Mboje, natoka Ipililo. Nimelala Maswa jana ili niwahi. Nimekuja kuona kama nyinyi ni watu au ni mashine, maana nawaeleza habari zangu tangu mwezi uliopita, na kila nikikaribia kumaliza mnanikatia."

Bujiku alifungua mdomo. Jenifer alimwahi kwa jicho.

"Umekuwa ukitueleza nini, baba?"

"Maksai wangu. Wameibwa wote wawili, wale wa kulima. Mvua imeshuka, jirani zangu wote wamefungua mashamba, mimi nashika jembe la mkono na mke wangu kama tumeoana jana. Nikaambiwa eleza kwenye simu. Nikaeleza."

"Unaelezaje?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa anavyokula.

"Naanza na salamu. Hujui anayepokea ni nani, huenda ni mkubwa wako. Halafu najitaja, mimi na baba yangu. Halafu nawataja maksai. Wale mama yao alikuja kwenye mahari ya dada yangu, kwa hiyo lazima nieleze ile ndoa, vinginevyo mtu atauliza nimempata wapi. Halafu naingia zizini na simu, naonyesha mama yao, naonyesha ndugu zao wa tumbo moja, ili anayetazama aijue ile sura ya ukoo. Kwa sababu wenyewe wameibwa. Nitakuonyesha nini kama sio ndugu zao?"

"Video," Jenifer alisema.

"Ndiyo, video. Kijana wa duka Maswa aliniwekea bando la kutosha, akasema ukituma, iache iende yenyewe."

"Na ikikatika?"

"Naanza upya. Nadhani labda nilikosea salamu. Halafu nikawaambia na watoto wa kaka yangu, na wao watume ileile, maana jambo la ng'ombe la mtu mmoja sio la mtu mmoja."

Bujiku alikaa chini taratibu. Kiti kililia tena. "Mdukuzi wetu huyo," alisema kwa sauti ndogo, kisha akaanza kucheka bila sauti, tumbo likitikisika.

"Huyu anacheka nini?"

"Anakohoa, baba," Jenifer alisema.

Yeye hakucheka. Alizaliwa Binza, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kukoboa, na baba yake, Mahona, alikuwa mkulima wa pamba ambaye wageni hawakukoma nyumbani kwake. Mgeni alipoeleza safari yake aliieleza yote, alikolala, aliyekutana naye, mto uliojaa. Siku moja Jenifer, akiwa darasa la nne, alimkatisha mgeni kwa kuuliza kama chakula kiwekwe mezani. Baba hakumchapa. Alimtoa nje na kumwambia asubiri mgeni amalize, na Jenifer akasubiri chini ya dirisha hadi ugali ukapoa na mgeni akamaliza. Tangu hapo hakuweza kumkatisha mtu. Mwanza, alikosomea stashahada ya kompyuta, mwalimu wake alisisitiza kwamba kila mlango wa programu uwe na kipimo, na Zizi ilipoanza ilikuwa nacho. Mwezi wa kwanza bibi mmoja alipiga simu akilia. Ujumbe wake umekatwa katikati, akasema, kama mtu aliyezibwa mdomo msibani. Jenifer akakiondoa kipimo siku hiyohiyo. Akaondoa na muda wa kusubiri pia. Mtu ambaye mtandao umemkatikia porini aliwekewa nafasi yake mezani, na vipande alivyokwisha kutuma, hadi atakaporudi. Wengi hawakurudi. Nafasi zao zilibaki zimeshikwa.

Alikuwa ametengeneza nyumba ya baba yake ndani ya seva, na nyumba ile ilikuwa na meza moja ndogo.

"Mfungie basi," Bujiku alirudia, sasa kwa upole. "Tutamtafutia mzee njia nyingine."

"Nikimfungia yeye, kesho atakuja mwingine mwenye ndugu wengi zaidi. Tatizo haliko Ipililo." Alimgeukia mzee. "Baba, kijijini kwenu mna josho?"

"Lipo."

"Ng'ombe wanaingiaje?"

"Kwa mstari. Mmoja, mmoja, ule ujia ni mwembamba."

"Mkiwaachia wote waingie kwa pamoja?"

"Watakanyagana, wengine watazama kwenye dawa. Kwani hujawahi kuona josho?"

"Hapa mimi nilijenga josho bila ujia. Wewe umeingia na zizi zima, na watoto wa kaka yako na mazizi yao. Limezama. Sio kosa lako, mimi ndiye niliyeacha kujenga. Sasa naujenga, na itabidi maelezo yako yaingie kwa vipande vidogo. Kipande kikizidi kipimo, hakitapokelewa."

Mzee Mboje aliitafakari hiyo habari. "Josho nalijua," alisema mwishowe. "Lakini josho halikuulizi ng'ombe katokana na mahari ya nani. Wewe unataka nimtambulishe maksai wangu bila mama yake."

"Nataka nimwone haraka, baba. Kesho ni mnada Nyashimo, na waliotimiza siku saba watauzwa."

Hapo mzee alichukua kofia yake, akasimama.

Jenifer alifanya kazi. Aliandika kwamba ujumbe mmoja hauzidi kiasi fulani, na ukizidi programu ikatae mapema, kabla haijaupokea wote, tena ikatae kwa maneno ya heshima. Akaandika kwamba vinavyoingia visilundikwe mezani, kila kipande kikifika kiende ghalani papo hapo. Akaweka kikomo cha watu wanaohudumiwa kwa pamoja, wengine wangoje mlangoni, na aliyenyamaza kwa muda mrefu aondolewe nafasi yake impishe mwenzake. Haikuwa kazi ngumu. Lililokuwa gumu ni lile neno la kukatalia. Aliliandika na kulifuta mara kadhaa, na mwisho likabaki hivi: *Tumekusikia. Ujumbe huu ni mrefu kuliko tunavyoweza kubeba kwa mara moja. Tafadhali tuma kwa vipande vifupi.*

Wakati huo Bujiku alikuwa nje na mzee, akimfundisha kueleza kwa dakika moja. Sauti zao ziliingia dirishani.

"Anza."

"Mwangaluka nyote mnaonisikia, mimi naitwa Mboje, mtoto wa—"

"Dakika imekwisha, mzee."

"Bado sijamaliza baba yangu!"

"Muache baba yako. Taja ng'ombe."

"Wewe umekulia wapi wewe? Kwenye gereji?"

Fundi viatu aliweka nyundo chini akacheka waziwazi.

Saa sita kasoro Jenifer aliiwasha Zizi. Mstari wa kumbukumbu ulipanda kidogo, ukatulia, ukatembea tambarare. Alituma kwa makusudi video kubwa kutoka kwenye simu yake. Ilikataliwa papo hapo, na mstari haukutikisika. Akapumua. Kisha picha zilizokwama kwenye simu za makarani wa mazizi zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, mitamba, madume, ndama aliyekatika mkia. Alimwita mzee ndani na kumgeuzia skrini.

Mzee Mboje hakuonyesha haraka. Alitikisa kichwa kwa kila picha kwa adabu, kama anayepita kwenye mstari wa kusalimia watu asiowajua. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Huyu."

"Una hakika?"

"Tazama shingo. Nywele zimelika upande huu, huyu anavuta kushoto. Na sikio nililitoboa mimi mwenyewe." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya pua ya ng'ombe, akakiacha hapo. "Mwenzake yuko wapi?"

Picha ilitoka Nyashimo. Jenifer alimpigia Salu, karani wa zizi la huko, mwanamke ambaye alimfahamu kwa sauti tu, akaweka simu kwenye spika.

"Dada Salu, huyo maksai wa sikio lililotobolewa, mlimpata na mwingine?"

"Yule mwenzake? Alitangulia huyo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimleta mwisho wa Oktoba, huyu wa sasa akapatikana baadaye porini. Yule wa kwanza ameuzwa Alhamisi iliyopita, siku zake saba zilikwisha."

"Picha yake uliituma lini?"

"Siku ileile aliyoletwa. Niliituma ikawa inazunguka, inazunguka, nikaiacha iende. Haikuja?"

Jenifer alitafuta. Alitafuta kwa tarehe, kwa zizi, kwa namba ya Salu. Alikuta alama tu kwamba mtu wa Nyashimo aligonga mlango siku ile mchana, na kwamba wakati huohuo programu iliuawa. Mezani kulikuwa na video ya Ipililo.

Maelezo ya mzee juu ya maksai wake ndiyo yaliyoziba njia ya picha ya maksai wake.

Alimtazama Bujiku, na kwa jinsi Bujiku alivyoinamisha macho alijua kwamba naye ameelewa. Mzee Mboje alikuwa bado anamtazama yule wa kwenye skrini.

"Haikufika," Jenifer alisema kwenye simu. "Dada Salu, picha ile haikuingia kamwe. Hakuna mtu aliyeiona hata siku moja."

"Kwa hiyo tumeuza ng'ombe ambaye hajatangazwa."

"Ndiyo. Aliyemnunua unamjua?"

"Namjua, ni mkulima wa hapahapa, alimtaka wa kuvuta plau. Lakini kamati ya mnada haitamgusa kwa maneno ya simu, Jeni. Mauzo yameshapita. Labda aje mtu wa umoja aseme mbele yao kwamba tovuti ilikuwa mbovu."

Simu ilipokatwa, Bujiku alimvuta Jenifer pembeni, karibu na rundo la maboksi.

"Usiende," alinong'ona. "Mmoja amepatikana, mzee ashukuru. Ukisimama pale ukasema tovuti ilikuwa imekufa siku zote hizo, kila aliyeuziwa ng'ombe wake mwezi huu atakuja na fimbo. Na Ijumaa kamati yetu itaifunga Zizi, tena na wewe humo ndani."

"Huenda wakaifunga."

"Sasa?"

"Maksai mmoja analima, katibu?"

Bujiku alikuwa mtoto wa mkulima na jibu alilijua.

Jenifer alirudi, akaketi kwenye benchi kando ya mzee, si kwenye kiti chake. Alimweleza kwamba mmoja yuko Nyashimo, mzima, na atamchukua kesho kabla ya mnada kwa barua ya umoja. Akamweleza kwamba wa pili ameuzwa bila kutangazwa, na sababu ni kwamba tovuti aliyoitengeneza yeye ilikuwa inapokea bila kipimo na ilikuwa imeanguka picha ilipokuja. Hakusema ni video ya nani iliyoiangusha.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akageuza kofia gotini, upande huu na upande ule.

"Ni ile yangu," alisema. "Iliyolizamisha josho. Si ndivyo?"

"Ingekuwa ya yeyote, baba."

"Lakini ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako. Na ujia nilipaswa kuujenga mimi."

Mzee alitoa sauti kooni, si kicheko wala si kilio. "Mke wangu atanicheka mpaka mavuno," alisema. "Tangu tuoane ananiambia maneno yangu ni marefu." Kisha akamgeukia Jenifer: "Utakwenda kusema hivyohivyo huko Nyashimo? Mbele ya watu?"

"Nitasema."

Jioni Bujiku alirudi na barua ya utambulisho wa umoja, yenye mhuri. Aliiweka mezani, na kabla hajatoka akasema tu kwamba basi la kwanza la kwenda Nyashimo kupitia Lamadi linaondoka mapema, na asikae upande wa jua.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, hapakuwa na mvua. Jenifer aliitazama Zizi kwenye simu alipoamka na kuikuta hai. Akapanda basi pamoja na Mzee Mboje, na kabla mnada haujachangamka walikuwa Nyashimo. Mzee alikwenda moja kwa moja zizini, akaita mara moja, na maksai akainua kichwa. Jenifer hakusubiri kuona zaidi. Alikwenda kwenye banda la kamati, ambako mnunuzi alikuwa ameshaitwa na amekaa amekunja mikono, akasalimia mkubwa hadi mdogo, akakataa kiti alichopewa, na akiwa amesimama akawaambia jina lake na kwamba tovuti ile aliitengeneza yeye, na kwamba ilikuwa mbovu.